Kasha la Kimya: Historia Fupi ya Kelele za Kompyuta, Kutoka Philadelphia Mpaka Alunguli



Majuzi katika chama chetu tulikubaliana kuchanga pesa ili tuunge kompyuta moja ya mezani. Kazi yake ya kwanza itakuwa kurekodi wazee wetu wanaojua mambo ya zamani: reli, machimbo, misioni, vita vya miaka ile. Dada mmoja akauliza swali moja tu: "Tutachagua kasha gani ambalo halina kelele?" Palepale mwingine akamjibu: "Yaya, unauliza boksi? Boksi ni boksi! Uliza prosesa, uliza memori." Watu wakacheka, mkutano ukaendelea.

Mimi sikucheka. Swali la dada yule lingeniokoa miaka michache iliyopita, kama ningekuwa na akili ya kuliuliza.

Nilikuwa naandika kazi yangu ya mwisho juu ya wafanyakazi wa reli ya Kindu. Babu yangu wa upande wa mama aliifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Nikamwita chumbani kwangu, nikachomeka maikrofoni kwenye kompyuta niliyonunua okazio, nikaanza kuuliza. Babu alisema saa moja na nusu bila kuchoka. Alitaja majina ya stesheni, majina ya wenzake, nani aliangukiwa na mzigo, nani alikimbia na mshahara wa watu. Mara moja tu alinyamaza, akaangalia chini ya meza, akasema: "Mujukuu, zima kwanza ile kitu. Inasemaka kunipita." Nikacheka. Nikizima kompyuta, nitarekodi na nini?

Miezi ikapita, babu akatutoka. Siku moja nikakaa kusikiliza. Kwenye spika ukaja mngurumo mmoja usiokatika, mmmmmm, na ndani yake, mbali kabisa, kama mtu anayeita mtumbwi kutoka ng'ambo wakati wa mvua, babu yangu. Majina mengi sikuyapata. Nilijaribu programu ya kusafisha sauti. Ilipoondoa mngurumo, iliondoa na babu pia. Akabaki kama mtu anayesema ndani ya sufuria.

Tangu siku hiyo nimesoma mengi juu ya makasha. Leo nataka kuwaeleza kelele ya kompyuta ilitoka wapi, watu waliishindaje, na sisi wa Alunguli tuchukue nini katika historia hiyo. Jibu langu nitalisema mapema, ili asiyekuwa na megabaiti za kufika mwisho alipate: kasha la kimya si kasha lililofungwa. Ni kasha linalopumua vizuri, likiwa na mashini ndani yake isiyokula umeme mwingi.

KELELE NI MTOTO WA JOTO

Tuanze na jambo moja la fizikia. Umeme wote unaoingia ndani ya kompyuta unageuka kuwa joto. Karibu wote, haubaki mahali. Kompyuta inayokula wati 200 inapasha chumba chako joto kama kijiko cha umeme cha wati 200. Joto hilo lisipotoka, mashini inaungua. Ili litoke, hewa lazima itembee. Ili hewa itembee, watu waliweka feni. Na feni inalia.

Kwa hiyo anayetaka kujua historia ya kelele za kompyuta afuate historia ya joto lake.

Mwezi wa pili mwaka 1946, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, kilionyesha dunia mashini iliyoitwa ENIAC. Ilikuwa na balbu za vakyumu karibu 18,000, uzito wa tani 30, na ilikula kilowati 150 hivi. Piga hesabu: umeme huo ungewasha balbu 15,000 za wati 10. Joto lake liliondolewa na mafeni makubwa ya kusukuma hewa. Mashini ile haikuwa na kasha mezani. Kasha lake lilikuwa chumba kizima. Wala hakuna aliyeuliza habari ya kelele, kwa sababu hakuna aliyelala nayo. Ilikuwa mashini ya jeshi na hesabu za mizinga. Watu waliingia, walifanya kazi, walitoka.

Mwaka 1947, katika maabara za Bell, Marekani, ikazaliwa transista. Polepole balbu zikaondoka. Lakini kwa miaka karibu 30 kompyuta ziliendelea kukaa katika vyumba vyao maalumu vyenye hewa baridi, mali ya serikali, mabenki na makampuni makubwa. Kelele ilifungiwa nyuma ya mlango. Kelele ikawa tatizo la mtu wa kawaida siku kompyuta ilipoingia nyumbani kwake.

MTU ALIYECHUKIA FENI

Siku hiyo ilifika mwaka 1977. Apple II, kompyuta ya kuweka mezani nyumbani, ilitoka bila feni hata moja. Steve Jobs hakutaka feni; aliona kwamba mtu hawezi kufikiri vizuri karibu na kitu kinachovuma. Lakini kutaka peke yake hakutoshi. Fundi mmoja, Rod Holt, alitengeneza kigawa umeme cha aina nyingine, kinachowasha na kuzima mkondo mara maelfu kwa sekunde badala ya kutumia transfoma nzito inayochemka. Kilipoteza umeme kidogo, joto likapungua, feni haikuhitajika. Angalieni mpangilio huo: kwanza walipunguza joto, ndipo wakaondoa feni. Apple II iliuzwa miaka mingi.

Mwaka 1980 wakatoa Apple III. Tena Jobs akasema: bila feni. Lakini safari hii mashini ilikuwa na vitu vingi zaidi ndani, vimebanwa, na kasha zito la alumini ndilo lililotegemewa kutoa joto lote. Haikwenda vizuri. Ubao wake pia ulikuwa na kasoro za kiwandani. Chipu zililegea katika soketi zake, na wanunuzi wakapewa shauri ambalo mpaka leo mafundi wanalisimulia: inua kompyuta sentimita chache juu ya meza, kisha iachie ianguke, ili chipu zirudi mahali pake. Kompyuta ya maelfu ya dola, unaiangusha mezani kama mtu anayekung'uta kiatu!

Hapo kuna somo la kwanza. Apple II na Apple III zote zilikuwa kimya. Moja ilikuwa kimya kwa sababu ilikuwa na joto kidogo. Nyingine ilikuwa kimya kwa amri. Amri haimpozi mtu.

Jobs mwenyewe alirudia jaribio hilo miaka 20 baadaye: Power Mac G4 Cube ya mwaka 2000, kasha zuri mno, hewa ikipanda yenyewe kutoka chini kwenda juu bila feni. Ilikuwa ghali, soko halikuipenda, na mwaka mmoja baadaye utengenezaji ukasimamishwa.

BOKSI LA CHUMA LASHINDA

Wakati Apple wanahangaika, tarehe 12 mwezi wa 8 mwaka 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ya mtu mmoja, IBM PC. Kasha lake lilikuwa la chuma, na ndani ya kigawa umeme cha wati 63.5 kulikuwa na feni inayovuma saa zote. IBM walikuwa watu wa ofisi. Katika ofisi yenye mashini za kuchapa na simu zinazolia, feni moja ni nini?

Wengine wakaiga IBM PC, makampuni kwa makampuni, na boksi lile la chuma likawa baba wa makasha yote tunayoyaona leo sokoni. Mwaka 1995 Intel walitoa vipimo vinavyoitwa ATX, vinavyosema tundu la skrubu likae wapi, kigawa umeme kiwe na ukubwa gani, na ubao mkuu uingieje. Ndiyo maana kasha lililotengenezwa China linapokea ubao wa kampuni nyingine na pawa saplai ya kampuni ya tatu, na fundi wa Kindu anaviunga bila kuuliza mtu. Uhuru wetu wa kuchagua kasha ulianzia hapo.

Lakini joto lilikuwa linapanda. Prosesa ya IBM PC ya 1981 ilikuwa chipu tupu, haina hata bamba la kupozea juu yake. Pentium ya kwanza, mwaka 1993, ilikula wati 15 hivi, ikahitaji bamba la alumini na kwa kawaida feni yake ndogo. Mwaka 2004 Pentium 4 ya aina iliyoitwa Prescott ikafika wati 115 katika baadhi ya matoleo. Feni zikazunguka kwa hasira. Kila aliyetumia mashini za miaka hiyo anakumbuka: unafungua faili kubwa, boksi linaanza kupiga mluzi kama ndege inayojiandaa kuruka. Mashini nyingi za okazio zilizofika kwetu zilikuwa za ukoo huo.

NGOMA NA KASHA

Hapa niwarudishe nyumbani kidogo, maana kuna jambo ambalo wazee wa misitu yetu walilijua kabla ya IBM.

Mnajua ngoma ya mti, ile isiyo na ngozi: gogo linachimbwa tumbo, linaachiwa mpasuo mwembamba juu, na midomo miwili ya mpasuo inachongwa kwa unene tofauti ili moja itoe sauti ya juu na nyingine ya chini. Kwa sauti mbili hizo Walokele, chini ya Kisangani, walitumiana habari kutoka kijiji hadi kijiji kando ya mto huu huu wetu. Mwingereza John Carrington, mmisionari wa Yakusu, alijifunza kuipiga na kuandika kitabu juu yake, "Talking Drums of Africa", mwaka 1949.

Fundi wa ngoma ile alifanya nini? Alichukua kitu kikavu, akakifanya kitupu ndani, akakonda kuta zake, akaacha tundu la sauti kutokea. Sasa angalia kasha la bei rahisi la kompyuta: chuma chembamba, ndani tupu, kuta zinazotetemeka ukizigonga, na matundu pande zote. Hiyo ni ngoma! Na kilichofungwa ndani yake, feni na diski ngumu inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, ndiyo fimbo za mpiga ngoma. Feni peke yake mkononi inavuma kidogo. Ifunge kwa skrubu nne kwenye chuma chembamba, kasha zima linaimba nayo.

Basi anayetaka kasha la kimya afanye kinyume cha fundi wa ngoma. Kuta ziwe nzito. Kati ya kitu kinachotetemeka na chuma kuwe na raba. Tundu lisimwelekee msikilizaji moja kwa moja.

Ndivyo walivyofanya watu waliochoka na mluzi wa Pentium 4. Mwaka 2002 huko Vancouver, Kanada, mwandishi Mike Chin alianza kupima na kulinganisha kelele za vifaa vya kompyuta, kipande kwa kipande, kwa wasomaji waliotaka ukimya. Mwaka 2003 kampuni ya Antec ilitoa kasha la Sonata, lenye feni moja kubwa ya milimita 120 na raba chini ya diski. Mwaka 2005 ikafuata P180, ambayo Chin mwenyewe alishiriki kuibuni: kuta za tabaka tatu, na kigawa umeme kilichohamishwa chini katika chumba chake chenyewe, ili joto lake lisichanganyike na la prosesa. Kisha Waswidi wa Fractal Design, kampuni iliyoanza mwaka 2007, walitoa Define R2 mwaka 2010, lenye mlango mbele na kuta zilizobandikwa mabamba mazito yenye lami. Ndiyo, lami, ndugu ya ile ya barabara. Lami haiimbi; ukiigonga inameza mtetemo.

Na wakati huo huo upande wa pili wa tatizo ulitatuliwa. Intel waliona kwamba njia ya Prescott ina ukuta mbele. Mwaka 2004 waliacha mpango wa prosesa iliyokuwa ifuate, na mwaka 2006 wakatoa Core 2 Duo iliyofanya kazi zaidi kwa wati 65 tu. Baadaye diski zisizo na kitu kinachozunguka, zile za SSD, zikanyamazisha fimbo ya pili ya ngoma. Leo kuna kompyuta ndogo za ofisi zenye prosesa ya wati 35. Ukimya wa leo umetokana na mambo mawili: kasha zito, na joto kidogo. La pili lina nguvu kuliko la kwanza.

HESABU ZA FENI

Niwape namba chache, kwa sababu wauzaji wanapenda kutuambia "hii haina kelele" bila kupima.

Kelele inapimwa kwa desibeli. Ni kipimo chenye tabia yake: ukiongeza feni ya pili inayofanana na ya kwanza, kelele inapanda desibeli 3 tu. Lakini ukipunguza mwendo wa feni uwe nusu, kelele yake inashuka kama desibeli 15, na kila desibeli 10 sikio letu linasikia kama nusu ya kelele. Maana yake feni mbili zinazokwenda polepole ni kimya kuliko moja inayokimbia. Na feni pana inasukuma hewa ileile kwa mizunguko michache kuliko feni ndogo. Ukiona kasha lenye feni ndogo ya milimita 80, na jingine lenye feni ya milimita 120 au 140, umekwisha kuchagua.

Sasa babu yangu. Feni yenye mapanga 7 inayozunguka mara 1,200 kwa dakika, yaani mara 20 kwa sekunde, inakata hewa mara 140 kwa sekunde. Sauti ya mwanamume akisema kwa kawaida inatetemeka kati ya mara 85 na 180 kwa sekunde. Mnaona? Feni ilikuwa inaimba noti ileile ya babu, karibu na maikrofoni kuliko yeye. Ndiyo maana programu ya kusafisha ilipoondoa feni iliondoka na mzee. Yeye alisema kweli: kitu kile kilikuwa "kinasema", na kilimpita.

TUKIRUDI ALUNGULI

Basi tuagize kasha la Swidi lenye lami na mlango, tumalize? Pole pole.

Makasha yale yalibuniwa kwa nyumba za Ulaya, ambako chumba kina joto la digrii 20. Sisi tuko karibu na ikweta, chini ya mabati, ambako mchana chumba kinapita digrii 30 kirahisi. Hewa inayoingia ndani ya kasha tayari ni ya moto. Kasha lililofungwa kwa mlango na lami linapata hewa kidogo, feni zinalazimika kukimbia, na ukimya ulioununua unapotea. Ni Apple III tena, tofauti ni lami tu. Kuna vumbi jekundu pia. Kiangazi kinapokuja, vumbi linavaa mapanga ya feni na kuziba bamba la kupozea, na baada ya miezi sita mashini iliyokuwa kimya inakoroma.

Na umeme je? Wengi wetu huku tunaishi kwa paneli za jua au kwa grupu. Tufanye hesabu ya betri moja ya volti 12, ampea-saa 100. Ndani yake kuna wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi ukiitumia zaidi ya nusu unaiua mapema, kwa hiyo una 600. Kompyuta kubwa ya michezo inayokula wati 300 itaimaliza kwa saa 2. Kompyuta ndogo na skrini yake, jumla wati 60, itakwenda karibu saa 10, ukitoa kidogo kinacholiwa na inveta. Na ikiwa betri imekwisha, unafanya nini? Unawasha grupu. Grupu ndogo inazunguka mara 3,000 kwa dakika nje ya dirisha lako, na hakuna kasha la Swidi litakalokusaidia.

Kwa hiyo kwetu sisi wati ndiyo kelele. Kila wati unayoipunguza inanyamazisha mara mbili: inapunguza mwendo wa feni ndani, na inachelewesha grupu nje.

Nikijibu swali la dada yetu, basi, ningesema hivi.

Kwanza, tuchague prosesa ya wati 35 mpaka 65, bila kadi kubwa ya michoro. Kurekodi na kuandika hakuhitaji zaidi.

Pili, diski iwe SSD. Hiyo peke yake inaondoa mlio mmoja kabisa.

Tatu, kasha liwe na kuta nzito na uso wa mbele wenye wavu na chujio la vumbi linalotoka kwa mkono, lioshwe kila wiki mbili. Ligonge kwa kidole dukani: likilia "ting", ni ngoma, likijibu "tup", ni zuri.

Nne, feni ziwe pana, milimita 120 au 140, mbili zinatosha, moja ya kuingiza mbele na moja ya kutoa nyuma, zifungwe kwa raba, na mwendo wake uwekwe chini katika mipangilio ya ubao.

Tano, kama pesa haitoshi kwa kasha jipya, tusidharau zile kompyuta ndogo za ofisi za okazio. Nyingi zilitengenezwa kukaa sentimita 50 na sikio la karani, ni tulivu kuliko boksi jipya la bei rahisi lenye taa za rangi. Ila ifunguliwe, ipulizwe vumbi, na feni yake isikilizwe kabla pesa haijatoka mfukoni.

Sita, nafasi ni bure. Ukiongeza umbali kati ya maikrofoni na mashini mara mbili, kelele inashuka kama desibeli 6. Ukisogeza maikrofoni karibu na mdomo wa mzee kwa nusu ya umbali, sauti yake inapanda desibeli 6. Jumla 12, bila kununua kitu. Kompyuta ikae upande wa pili wa ukuta, waya upite chini ya mlango.

Najua mtu atasema: "Simu je? Simu haina feni." Ni kweli, na kama unayo nzuri, rekodi nayo leo, usingoje chama. Simu ni ile ndoto ya Apple II iliyotimia. Lakini baadaye kuna kazi ya kusikiliza na kuandika neno kwa neno, saa nyingi kwa kila saa ya mzee, na kuhifadhi nakala mbili tatu. Kazi hiyo inafanywa mezani, na mwenye kuifanya akiwa karibu na mngurumo atakosa maneno yaleyale ambayo mimi niliyakosa.

NANI ANANYAMAZISHWA

Nimalizie na jambo moja ambalo linaniuma.

Ndani ya kila kompyuta, vipande vimeunganishwa kwa risasi ya kulehemu. Zamani ilikuwa mchanganyiko wa bati na madini ya risasi. Tangu mwezi wa 7 mwaka 2006, sheria ya Ulaya ilipokataza madini ya risasi katika vifaa vingi vya elektroni, sehemu yake kubwa kabisa ni bati. Na bati linatoka katika kasiterite. Watu wa Maniema sina haja ya kuwaeleza kasiterite ni nini. Kampuni ya Symetain ilianzishwa mwaka 1932 kwa ajili ya bati la Maniema, Kalima ikawa mji wake. Mwaka 1976 machimbo yakaunganishwa katika SOMINKI. Mwezi wa 10 mwaka 1985 soko la bati la dunia likaanguka, na kazi nyingi zikaanguka nalo. Kizazi cha waliochimba, waliopakia, walioendesha treni, wapo bado wachache, katika nyumba zetu, ng'ambo hii na ng'ambo ile ya mto.

Sasa fikirini. Mzee aliyetoa bati ardhini anakaa mbele ya mashini iliyounganishwa kwa bati, ili atoe ushahidi wa maisha yake. Na mashini inasema kumpita. Mimi nilikubali hivyo, kwa sababu nilifikiri boksi ni boksi.

Kwa hiyo kabla ya mzee wa kwanza kuketi, napendekeza chama kifanye jaribio moja dogo. Tuwashe kompyuta yetu, tukae kimya, turekodi dakika moja ya chumba kitupu. Kisha tuvae vichwa vya sauti, tusikilize. Tukisikia jogoo wa jirani na watoto wanaocheza mbali, mashini inafaa, tumwite mzee. Tukisikia mmmmmm, tuifungue kwanza.

Na wewe unayesoma, una mzee gani ambaye hujamrekodi? Tuandikie hapa chini alifanya kazi gani na mwaka gani. Lakini kabla hujaandika, inuka, nenda ukamsalimie.